Zamu Yangu kwenye Cherehani

Kileleshwa,
Agosti 2006

Kwako dada Munyiva, fundi mwenzangu,

Pokea salamu nyingi kama vitambaa vya Ngara. U hali gani? Mgongo umepoa? Huyu Musembi anayekuletea barua ni askari wa geti letu. Mpe chai, ni Mkamba mwenzako na anapenda maneno.

Mimi ni mzima. Mjukuu wangu Wanjira, aliyepewa jina langu kama desturi yetu inavyotaka, ameota meno mawili na anauma kama mwenye jina. Nyumba iko ghorofa ya nne, maji ya moto yanatoka ukutani. Na mwanangu Kiarie! Wacha nijisifu, nisipomsifu mimi atasifiwa na nani? Kompyuta zikigoma ofisini, wakubwa wenyewe humsimamia nyuma kama watoto wanaongoja uji.

Juzi nilimuuliza hiyo mashine inawezaje kuimba, kuandika na kuchapisha kwa wakati mmoja. Akasema ina ubongo mmoja tu, ila ndani kuna mpanga zamu. Kila kazi hupewa nafasi kidogo, kufumba na kufumbua inaondolewa hata kama haijaisha, panawekwa alama ilipofikia, nyingine inaingia. Ile inayongoja kitu, kama mtu abonyeze herufi, hulazwa kando isikalie kiti bure. Nikacheka, nikamwambia ni sisi hao na cherehani yetu moja: wewe ukingoja mteja aje kupimwa, mimi nashona. Akasema ndiyo hivyo hivyo, tena mpanga zamu mzuri habadilishi ovyo, ama siku yote iishie kwenye kubadilisha uzi. Na aliyekaa sana foleni husogezwa mbele, asife njaa.

Hapo nikaacha kucheka.

Munyiva, nilikuambia nimekuja kupumzika. Hata kanisani nilitangaza. Ukweli ni kwamba tangu msichana wa kazi arudi kwao, Kiarie akienda kazini hufunga ule mlango wa chuma kwa kufuli, kwa nje, anaogopa wezi. Mimi ni wa dirishani. Hata Musembi namsalimia katikati ya vyuma. Uliponitumia habari kwamba Pranlal, mwenye veranda yetu, atampa mtu mwingine kiti changu mwezi ukiisha, chakula kilinishinda. Kiarie husema mama yake hawezi tena kushona verandani watu wakipita. Nami humwambia asante mwanangu, kwa sababu nilishajigamba kote. Basi wamenilaza kando, wakidhani sina ninachotaka.

Jana tukila niliwaambia kwamba mimi sijalala, niko foleni. Kiarie akacheka, akasema mama, kazi yako ulishamaliza, sasa kula matunda. Becky, mke wake, hakucheka. Leo asubuhi akitoka, alichukua ufunguo wake wa kufuli kwenye mkoba, akaniwekea kiganjani; mkono wangu unapita katikati ya vyuma vya mlango.

Mtoto siwezi kumwacha, ana jina langu. Jumatatu nakuja naye mgongoni, Kiarie apende asipende. Mwambie Pranlal asithubutu kumkalisha mtu. Nawe nikikukuta kwenye mashine, maliza upindo uliouanza, halafu unipishe.

Wasalimie wote wa veranda, na Njuguna wa vifungo umwambie bado namkumbuka kwa utani wake mbaya. Mungu awalinde hadi tuonane.

Ni mimi nikupendaye,
Wanjira, mama yake Kiarie,
fundi wa Ngara