Bibi Arusi wa Parashuti

Jumamosi, usiku

Na ile kamba ya breki, niliifunga ama sikuifunga?

Mchana kwenye kilabu yetu ya kuruka nilikunja parashuti yangu mbele ya wote, mbio mbio, mdomo haunyamazi. "Mutazame fundi wa Kanyosha!" Idi, mwenzangu wa kuruka, akajibu: "We fundi wa maneno. Kesho ukiwa juu ya ziwa, yaongeleshe mawingu." Nikamurudishia moja, hata rubani akacheka.

Sasa niko kitandani. Kila hatua naikumbuka, ila hiyo kamba moja. Pale ndipo nilikuwa nacheka. Na isipofungwa, parashuti inafunguka huku inazunguka, na we pamoja nayo.

Kwetu kilabuni, mutu akikunjua parashuti asubuhi akunje upya, anaitwa Bibi Arusi siku nzima, kwa sababu amevalishwa mara mbili. Jina nililitunga mi mwenyewe, siku Idi alipoingiwa na wasiwasi. Nilimuimbia nyimbo za arusi mpaka akaacha mishikaki yake.

Nijifanye mugonjwa? Apana, watajua. Niruke hivi hivi? Mama ana mutoto mumoja tu.

Basi kesho nitaikunjua mbele yao. Idi ataimba, na ile sauti yake ya mbuzi. Aimbe. Hata hivyo nitakuwa bibi arusi mzuri kuliko yeye.