Ua Langu Lisikatwe Mizizi

Liverpool, Sydney,
Australia.
Jumatatu, 14 Aprili 2014

Mpendwa Shangazi Wilkister,

Nakusalimu kwa mikono miwili. U hali gani? Goti la kushoto bado linakusumbua mvua ikinyesha, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Sisi hapa tu wazima. Shirleen ametimiza miaka kumi na miwili na karibu anipite kimo. Mimi mgongo unaniuma kwa kuinua wazee kule kwenye makao ninakofanya kazi, lakini ni maumivu ya mtu anayekula jasho lake, sinung'uniki.

Barua hii inaletwa na Wekesa, yule kijana wa ng'ambo ya mto anayeendesha lori la makontena huku Port Botany. Anaondoka kesho kuja Pasaka, na ameniapia kwamba itafika mkononi mwako kabla ya Ijumaa Kuu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe hupiga kelele "Sikusikii!" hasa pale ninaposema usichotaka kusikia. Barua haikatiki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana limenikaa kooni tangu kaka Wafula aliponiambia. Eti mwaka huu kisima hakitavishwa. Eti Simiyu, mwenyekiti wa kamati ya maji, amesema kuvisha kisima ni kuwatambikia wafu na hakumfai Mkristo. Na eti wewe, uliyesimamia kazi ile miaka thelathini, umemjibu, "Haya, basi."

Haya basi? Wewe? Wewe uliyemfukuza naibu wa chifu kwa mwiko wa ugali?

Simiyu namjua. Tulikaa dawati moja darasa la sita, akawa anachungulia hesabu zangu mpaka ananakili na makosa. Huyo leo ndiye wa kutufundisha dini!

Tukumbushane basi, maana nataka barua hii isomwe mbele ya akina mama na wasichana wao. Jumamosi ya kuamkia Pasaka mawe ya kisima husuguliwa kwa mchanga. Mdomo wake hupakwa duara la udongo mweupe na kuzungushiwa kamba ya mgomba. Kisha kila nyumba huleta maua yake. Anayeteka maji pale, ua lake hukatwa shina. Aliye mbali, ua lake huja na mizizi, limefungwa kwa ganda bichi la mgomba, na jina lake hutajwa kwa sauti. Jumatatu hupandwa kando ya mfereji, limngojee.

Na marehemu je? Marehemu hawekewi ua, hata siku moja. Mwaka aliofariki Bibi nilikuona umesimama pale mikono mitupu, unalia, kwa sababu ulizoea kuja na la kwake. Sasa hao wafu wanatambikiwa wapi? Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kisima chetu ndicho mahali pekee ninapopajua panapobisha hilo.

Niliposikia habari zile hasira zilinipanda, nikasema kama huko hawavishi, mimi navisha huku. Jumamosi hii ijayo nina zamu, kwa hiyo nilitangulia wiki moja, nikavisha juzi.

Hapa hakuna kisima. Kuna bomba la kunywea maji katika bustani ya watoto karibu na kwetu. Unabonyeza, maji yanaruka, unainama unakunywa. Wenyewe huliita "bubbler". Nimeyanywa maji yale miaka mitano, na maji ya umma ni maji ya umma. Nilikwenda na Shirleen na rafiki yangu Faida, mama Mkongo wa Bukavu ambaye tunafanya naye kazi.

Udongo mweupe sikuupata, nikapaka uji wa unga wa ugali. Hilo lilikuwa kosa. Hata haujakauka, wakaja ndege fulani weupe wenye mdomo kama mundu, wanaoishi kwa kupekua mapipa ya taka, wakaudonoa wote. Faida alicheka mpaka akakaa chini.

Maua niliyanunua sokoni Cabramatta, ya manjano, kila moja kwenye kikopo chake na mizizi yake. Yalikuwa tisa. Ukiwa huku, nyinyi ndio mlio mbali.

"Mum, it's just a bubbler," Shirleen akaninong'oneza. "Everyone's looking." Eti ni bomba tu, na kila mtu anatutazama.

Nikamwambia watazame, macho hayana pazia. Nao walitazama kweli. Wakapita wakipunguza sauti, mzee mmoja akavua kofia, bibi mmoja akaweka mshumaa na kufumba mikono. Nikasema moyoni, hawa wana adabu kuliko Simiyu.

Kumbe! Baadaye akaja mfanyakazi wa bustani mwenye koti la manjano linalong'aa, akasogea taratibu kama aingiaye matangani, akanipa pole kwa msiba. Msiba gani? Ndipo akatueleza. Watu wa hapa huweka maua namna ile mahali mtu alipofia, barabarani au popote. Wapita njia wote walikuwa wakimlilia mtu asiyekuwepo.

Akatupa habari mbili. Kama ni maua ya marehemu, yanaruhusiwa kukaa wiki mbili. Kama ni mapambo tu, yaondoke kabla ya saa tisa alasiri.

Faida akanifinya mkono. "Dada, sema tu mutu alikufa, biishe! Wiki mbili!"

Shangazi, lilihitajika neno moja tu. Nikavitazama vile vikopo, na cha kwanza kilikuwa chako. Nikamwambia yule bwana kwa Kiingereza changu chote kwamba hapa hakuna aliyekufa. Nikamtajia majina yenu tisa, moja moja, kwa sauti ya kisimani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakuna kichwa, akasema saa tisa ni saa tisa.

Sawa. Saa tisa niliyaondoa kwa mikono yangu mwenyewe, kichwa juu. Sasa yako kwenye roshani yetu na nayamwagilia. Shirleen, yule aliyekuwa anaona haya, alibeba kikopo chako yeye, na kabla hatujaondoka aliinama akanywa.

Kwa hiyo nakuuliza. Mimi nimemkatalia mtu wa serikali katika nchi ya watu, wewe unashindwa na Simiyu? Wote wawili wamekosea kosa lile lile, wakiona ua wanaona maiti. Lakini yule wa bustani ana udhuru, si kwao. Simiyu alipokuwa Mombasa, mama yake alimwekea ua lenye mizizi kila Pasaka, na mpaka leo limestawi kando ya mfereji. Mpeleke akalitazame, halafu akwambie ni mzimu wa nani.

Nami nikuambie lililo moyoni bila kuficha. Naogopa. Karatasi zangu za ukaazi bado, na sijui nitarudi lini. Zipo siku natembea hapa naona kama nimefutika. Kinachonishika ni kujua kwamba kila mwaka, siku moja, mtu anasimama kisimani anatamka Jerusha, kisha Shirleen. Jumamosi isipoletwa mizizi yetu, kwa desturi yetu wenyewe mmetangaza kwamba tumekufa. Nimekataa kuwazika nyinyi. Msituzike sisi.

Simiyu akifunga lango la kisima kwa kufuli, vaa kanga yako nzuri uweke maua langoni. Kufuli halizuii jina.

Nisalimie kaka Wafula na mkewe, Nasimiyu na mtoto wake mchanga, na mama yake Simiyu, ambaye sina ugomvi naye. Mungu aliyefufuka akuongezee nguvu za magoti na za ulimi.

Niliye mbali, niliye hai, nikupendaye,

Jerusha