Senti ya Kiunoni mwa Zuhura

Temeke, Ijumaa

Si macho yangu. Nimeisogeza senti kwenye kibatari, nimeigeuza tena na tena, ni H.

Ile senti kumi niliyoipata kwenye chenji ya vitumbua ilikuwa na SA, herufi ndogo za kiwanda cha sarafu cha Afrika Kusini. Ni adimu, na sonara mmoja mjini huzinunua kwa bei nzuri. Nikapitisha uzi kwenye tundu, nikamfunga mwanangu Zuhura kiunoni pamoja na hirizi yake. Nani angethubutu kugusa uzi wa mtoto mchanga?

Leo namwogesha, naikuta H, senti ya kiwanda kingine, zile zilizojaa kila duka.

Aliyejua ni mume wangu peke yake. Mie mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuzitofautisha herufi zile! Nimemuuliza, hakuniangalia usoni.

"Senti kumi ni senti kumi, mama Zuhura. Kwani hiyo haina tundu?"

Angeniomba ningempa. Kinachoniuma si senti.

Jana alimpakata Zuhura jioni nzima, yeye ambaye tangu azaliwe huyu mtoto alikuwa hajamshika. Mie niko jikoni, namsikia anavyombembeleza, nikasema alhamdulillahi, hatimaye kampenda.