Mjeledi wa Kanda Kumi na Mbili: Kwa Baba Yetu, Fundi Wino

Sasa ni mwaka mzima, Baba, tangu uegemee kiti chako cha uani baada ya chai ya saa kumi, ukafumba macho, nasi tukadhani umesinzia tu kama kawaida yako. Mama alikuja na shuka kukufunika miguu. Yeye ndiye aliyejua wa kwanza.

Machozi tulishayatoa, yakatosha. Leo tumekaa kukukumbuka kwa lile linalotufanya mpaka sasa tutembee kifua mbele.

Ulifanya kazi kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na mmoja, umesimama kando ya mashine iliyokuwa ikitema magazeti na madaftari ya shule. Wenzako walikuita Fundi Wino kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kucha zako zikiwa na rangi nyingine. Mashine ile ilikulisha wewe na sisi, halafu taratibu ikayala masikio yako. Ulipostaafu ulikuwa husikii kitu. Ulitusoma midomo, na midomo ikishindwa tulikuandikia kwenye kile kidaftari cha mfuko wa shati. Wewe mwenyewe uliendelea kuongea kwa sauti ya kushindana na mashine, kwa hiyo mtaa mzima ulizijua siri zetu, mpaka nani ameharisha.

Hukuwa mtu wa kukaa bure. Fundi viatu wa karibu na stendi alikupa mabaki ya ngozi. Mwingine angeshona mkanda wa suruali, wewe ukasuka mjeledi. Wazo ulilitoa wapi hatujui. Ulipoulizwa ulisema vidole vilikuwa vinakuwasha, basi.

Tunakuona hadi leo ukikata kipande cha duara kwa kuzungusha kisu, kutoka ukingoni kwenda katikati, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, mpaka ngozi ya ukubwa wa sahani inatoa ukanda mmoja mrefu kuliko ua wetu. Ulizipaka kanda mafuta ya ng'ombe, ukafunga mpini kwenye nondo za dirisha la jikoni, ukawa unasuka huku unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo unagusa uzio. Mama alilalamika kwamba waume za wenzake wakistaafu wanafuga nyuki, wa kwake amefuga mikia.

Mijeledi kumi na mmoja ilitundikwa sebuleni, na hukuwahi kumchapa mtu wala mbuzi. Kijana aliyekuja kujitambulisha kwa ajili ya dada yetu mkubwa hakulijua hilo. Alikaa kwenye ncha ya kochi akakubali kila ulichosema, hata ulipokuwa unakohoa tu. Masihara, kitindamimba wako, alikuwa ameshamnong'oneza mlangoni kwamba ule wa tatu kutoka kushoto ndio wa wakwe. Leo ni mkweo, na kisa hicho anakisimulia mwenyewe, ila akikisimulia hukaa mbali na ukuta.

Masihara ulimpa jina hilo wewe, maana neno lililonyooka lilikuwa halimtoki. Chuo alikiachia mwaka wa tatu, akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Ulimwambia digrii yake ni kama mjeledi usio na ncha, kazi yote ipo ila sauti hamna. Yeye ndiye aliyecheka kuliko sisi wote.

Na kweli, sauti ndiyo mjeledi wenyewe. Ukisukwa vizuri, ile ncha ya uzi mwishoni inapasua hewa kama ubao unaovunjika. Hapo tunasema umelia. Wewe hukuweza kuisikia. Kila ukiurusha uligeuka kututazama, ukauliza, "Umelia?" Tulikuwa tunaitikia kwa kichwa au tunakitikisa. Tulikuwa masikio yako, na haikuwa kazi ndogo.

Ndipo ukausuka ule mkubwa, wa kanda kumi na mbili. Miezi minne. Siku ulipourusha mara ya kwanza ulitoa fyuu, kama shuka linalokung'utwa, ikawa basi. Lakini Masihara aliiona sura yako. Jasho lilikuwa linatiririka, miwani imeteleza puani, na miezi yote minne imesimama machoni. Kichwa chake kilikataa kutikisika. Aliziba masikio, akaruka nyuma, akakuinulia dole gumba la kushoto na la kulia.

Uongo ule ukamganda. Kila Jumamosi uliurusha, na kila Jumamosi ilimbidi ashtuke vizuri zaidi ya wiki iliyopita. Angesoma kwa bidii ile angekuwa profesa. Kuna siku alijibwaga chini kabisa, jirani yetu mfuga kuku akachungulia juu ya uzio kuuliza kama ana kifafa. Wiki saba zikapita hivyo.

Kisha ukarudi nyumbani siku moja umejiandikisha. Kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono kwenye uwanja wa mpira, na wewe, mzee mwenye mjeledi, ulikuwa umepewa mirusho mitatu mbele ya watu wote. Ulitutangazia mezani, kwa hiyo mtaa nao ukajua. Sisi vijiko vilisimama hewani. Ungesimama mbele ya uwanja uliojaa, urushe mjeledi usiolia, na wewe peke yako usingejua.

Mama alimwita Masihara jikoni. Hakupandisha sauti. Alimwambia alichokianza akakimalize mwenyewe, tena kabla chai haijapoa.

Akaja akaketi mbele yako uani. Alijaribu kwa midomo, midomo ikagoma. Mwisho alichomoa kidaftari mfukoni mwako, akaandika: Baba, haulii. Haujawahi kulia.

Ulisoma. Ukavua miwani, ukaifuta kwa pindo la shati, ukasoma tena.

"Najua," ulisema. "Kuku wa jirani hawajawahi kukurupuka."

Masihara aliishika kalamu tena. Akaandika kwamba kama ulijua, kwa nini ulinyamaza, na kwa nini ulikwenda kujiandikisha.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Kule uwanjani hakuna kuku, mwanangu. Nikigeuka nitamtazama nani?"

Uliisema kwa ile sauti yako ya kiwandani. Tuliisikia sote tuliokuwa jikoni. Mama aliweka birika chini akageukia dirisha.

Halafu ukamwonyesha kosa lilipo. Ulikuwa ukilipapasa kwa dole gumba kila siku. Mjeledi unatakiwa upungue taratibu, mnene mkononi, mwembamba mwishoni, na ili upungue unaziacha kanda nje mojamoja. Wewe ulikuwa umeacha mbili mahali pamoja, pakavimba kama goti. Nguvu ya mkono ilikuwa ikifika pale inakufa. Ukakiri kwamba uliogopa kuifumua miezi minne peke yako.

Mkaifumua wawili. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Kibanda cha simu kilifungwa, na wateja wakaambiwa fundi ana msiba wa ngozi. Yeye alivuta kanda zikakaza, wewe ukasuka, mkiacha ukanda mmoja kila baada ya kiganja. Mlipoanza kuujaribu alikuwa anakwambia ukweli bila kuupaka sukari. Siku ya kwanza alisema bado. Ya pili, bado. Ya tatu alisema umekohoa, ukamlazimisha aandike ili uhakikishe umesoma sawasawa. Jioni ya kuamkia maonyesho mjeledi ulikuwa umefika kwenye kupiga chafya. Chafya, Baba. Hapo ndipo tulipolala.

Asubuhi Mama alitoka na kisanduku chake cha kushonea. Bila kumsemesha mtu, alivuta ule uzi mgumu wa kushonea makochi, akausokota ncha mpya, akaifunga mafundo matatu. Alisema kama ni kuaibika tutaaibika, lakini isiwe kwa sababu ya uzi mbovu.

Uwanjani ulivaa shati jeupe na viatu vya harusi ya dada. Mtangazaji alikutaja kama mzee wetu Fundi Wino, watu wakapiga makofi ya adabu. Masihara alisimama hatua kumi mbele yako. Uligeuza mgongo kwa umati mzima ukamtazama yeye tu.

Mrusho wa kwanza, fyuu. Kuna waliocheka nyuma yetu, na mkweo aligeuka kuwatazama kwa jicho ambalo hatukujua kama analo. Masihara alitikisa kichwa. Bado.

Mrusho wa pili ulipiga chafya. Akatikisa kichwa tena, safari hii akageuza kiganja na kukuonyesha kwamba mkono una haraka. Ulikubali. Ulivuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikasogea.

Wa tatu ulilia. Baba, mjeledi ulilia hadi jukwaa la upande wa pili likainama. Aliyekuwa anauza maji aliacha ndoo akakimbia. Mtangazaji alipiga mbizi chini ya meza na kipaza sauti chake, na kutoka huko tukamsikia akimwita mama yake mzazi.

Wewe hukusikia chochote kati ya hayo. Macho yako yalikuwa kwa Masihara. Naye, uso mkavu kama wa hakimu, akatikisa kichwa. Bado.

Ulimkazia macho. Halafu ukamwona mtangazaji akitambaa kutoka chini ya meza, ukageuka, na watu elfu walikuwa wameziba masikio. Ukacheka mpaka ukashika magoti.

"Mwongo mkubwa wewe," ulimwambia, na uwanja wote ukasikia.

Masihara alikukimbilia akakubeba juu, na viatu vya harusi, na mjeledi umewazunguka wote wawili kiunoni. Hakuna siku uliyowahi kuwa mrefu kama ile.

Uliishi miezi mitano baada ya hapo, na hukuutundika mjeledi ule ukutani hata mara moja. Ulikaa nao mapajani, kila mgeni akaonyeshwa pale goti lilipokuwa.

Mwaka huu maonyesho yanarudi. Kwenye orodha kuna jina la Mama. Amesuka wa kanda nane, na ncha kaisokota mwenyewe. Masihara ndiye atakayesimama mbele yake, ingawa Mama anasikia vizuri kuliko sisi sote. Amesema atamtaka pale hivyohivyo.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa hataki mtu aguse nondo za dirisha la jikoni, binti yako mkubwa na mumewe, kitindamimba wako, wajukuu zako wawili, fundi viatu wa stendi, na wenzako wote wa kiwandani wenye kucha nyeusi.

Hatutakusahau, Baba, hata siku moja.