Vidonge vya Wifi Yake Bibi Desanka

Tijana, ndiyo kwanza nimetoka chumba cha upasuaji.

Daktari Radojka aliniruhusu nimdunge Bibi Desanka dawa ya usingizi huku akinisimamia. Sijafika hata nusu ya dozi, bibi akaacha kupumua. Aliacha kabisa, Tijana.

Daktari alimpulizia hewa kwa barakoa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Wodini alipewa dawa ya kutuliza mara ngapi?" Nikajibu, mara moja tu.

Bibi alipozinduka baada ya upasuaji, nikamuuliza alikuwa amemeza nini, akacheka. "Mwanangu, asubuhi wifi yangu alinipa vidonge vyake viwili vya kutuliza roho. Hiyo nayo ni dawa?"

Kabla ya upasuaji nilikuwa nimemuuliza anatumia dawa gani. Alisema hakuna. Mama yangu humeza vidonge kama hivyo kila jioni, naye angenijibu vilevile.