Koti la Kocha

Baba,

Baba mdogo Festo ameniandikia tena leo asubuhi. Fundi wa marumaru pale Makambako ameshakata jiwe la kaburi lako na kulisugua, sasa anasubiri maneno ya kuchonga. Jina lako lipo, tarehe zipo. Chini yake wameandika kwa chaki neno moja, "Kocha", na kwa kuwa mimi ndiye mtoto mkubwa, wanataka niseme sawa. Wiki ya tatu hii sijawajibu.

Nimekaa hapa jikoni, Tottenham, kwenye kiti chako kile chenye mguu mfupi. Mama ameenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana wewe ndiye uliyeniachia kazi hii. Usitegemee upole. Mwezi ule wa kwanza nililia mpaka nikachoka. Sasa nina hasira tu, na sina pa kuipeleka isipokuwa kwako.

Nianze na Agosti zetu. Watoto wenzetu wa kanisani, shule zikifungwa, walikuwa wanakwenda nyumbani. Moshi, Bukoba, Mwanza. Wanarudi wamesukwa, wamekolea jua, wanawataja binamu zao kwa majina. Sisi tulikuwa tunapanda gari la kijivu kwenda kuangalia mpira wa daraja la saba. Wiki nzima, viwanja vitano, miji ambayo hata walimu wetu walikuwa hawajawahi kufika. Mama mbele na chupa ya chai na kapu la chapati, mimi na mdogo wangu Edgar nyuma, miguu juu ya mabegi. "Ndani ya gari hili ni Kiswahili tu," ulikuwa unasema hata kabla hatujafika barabara kuu. "Kiingereza mtakikuta uwanjani." Edgar alikuwa anakujibu kwa Kiingereza hivyo hivyo, chini chini. Mimi nilikutii. Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata kwenye kile kiti cha nyuma.

Na viwanja vyenyewe, Baba! Jukwaa moja la mbao, choo kimoja, kibanda cha chai. Watazamaji unaweza kuwasalimia mmoja mmoja, na mbwa wao. Kipa akigombana na mashabiki walio nyuma ya goli, na wao wanamjibu kwa jina la mama yake kwa sababu wanamjua mama yake. Nilipenda, na ndiyo maana naumia. Nilipenda harufu ya nyasi na zile soseji zilizoungua, na nilipenda ulivyokuwa ukishangilia timu zote mbili ili usimuudhi mwenyeji wala mgeni. Siku ile ya mvua kule Grantham, Mama alipofunika kapu la chapati kwa koti lake na yeye akalowa, ulicheka mpaka refa akageuka kutuangalia.

Halafu mechi inaisha, na kazi yangu inaanza. Ulikuwa unalitoa kwenye buti la gari lile koti refu la makocha, linalofika magotini, ulilolinunua sokoni. Unamwomba mzee wa uwanja kwa adabu zako zote, "Please sir, my daughter likes to take pictures," naye anacheka, anaturuhusu. Unakwenda kukaa kwenye benchi la akiba. Unashika faili lako la bluu. Unakunja uso, unanyoosha kidole kuelekea goli lisilo na mtu. "Piga kama vile sijui kwamba unanipiga," ulikuwa unaniambia. Nikapiga. Miaka yote ile nilipiga, nikijua kwamba baba yangu anapenda mchezo na anapenda kuigiza. Wachezaji wakipita na mabegi yao uliwasimamisha, ukawashika mabega kama wanao, nikapiga tena. Fulana zao za msimu uliopita, zilizobaki bila mnunuzi, ulizichukua boksi zima. Nilizikunja mimi. Ukasema ni za vijana wa kule nyumbani, na ni kweli zilikwenda.

Nilipokuwa na miaka kumi na nne, zile karatasi zako za ukaazi, zilizokaa kwa watu wa uhamiaji kule Croydon tangu sijaanza shule, zikatoka. Mama alipiga vigelegele kwenye ngazi mpaka majirani wakafungua milango. Nilikimbia chumbani nikaanza kupanga nguo za Njombe, maana ulikuwa umeniambia kule kuna baridi. Ukaja ukasimama mlangoni. "Mwakani, Lusungu," ukasema. "Bibi yako hatakimbia." Agosti ile tukaenda Kidderminster. Na iliyofuata tukaenda sijui wapi, sikuwa tena naangalia vibao. Kila nilipouliza kuhusu Bibi ilikuwa mwakani.

Hiyo mwakani imeshafika, Baba. Februari moyo wako ulisimama kwenye ngazi za nyumba ya Mzee Arthur, yule mgonjwa wako, kule Enfield, sare ya kazi mwilini, lile faili la bluu mkononi. Tukakupeleka. Safari ya kwanza ya kwenda nyumbani tulikwenda wote wanne kama nilivyokuwa nikiomba, ila sisi tulikaa juu na wewe ulikuwa chini kwenye mizigo.

Pale msibani mtu wa kwanza kunishika mkono akaniita "binti wa kocha". Nikadhani amenifananisha. Wa pili naye akaniita hivyo, na wa tatu. Vijana waliobeba jeneza lako walikuwa wamevaa zile fulana nilizozikunja, miji yote ile ya mvua, Grantham na Kidderminster, ikipanda mlima wa Makambako. Sebuleni kwa Bibi, juu ya kochi, nilikuta ukuta mzima wa picha zangu. Mimi ndiye niliyezipiga, hakuna hata moja niliyoisahau. Na Bibi mwenyewe amejifunga shingoni skafu ya timu ya daraja la saba, ananiambia kwa fahari kwamba kwenye lile faili mwanawe alikuwa anapanga namna ya kushambulia. Kwenye faili lile, Baba, mlikuwa na orodha ya dawa za wazee uliokuwa ukiwauguza na saa za kuwageuza kitandani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama alinieleza baadaye, tumekaa nyuma ya nyumba tunachambua mchele. Picha ya kwanza kabisa uliituma bila nia yoyote, ulifurahia tu nyasi. Baba mdogo akaandika, "Kaka, umepata kazi hapo?" Hukusema ndiyo. Hukusema hapana. Ukatuma picha nyingine. Kisha ikawa huwezi kurudi, kwa sababu wangekupeleka kwenye uwanja wa shule na kukupa filimbi. Nilimuuliza Mama kwa nini alinyamaza. "Baba yako hakuwa mwongo," akasema. "Alikuwa na haya." Akasema uliwahi kuwasikia watu wa nyumbani wakimcheka mtu wa kijiji cha pili, eti kaenda Ulaya kuosha vizee. Basi kwa ajili ya kicheko hicho mama yako hakukuona miaka ishirini na tisa.

Mimi je? Kesho yake wakanipa wasifu wa marehemu niusome kaburini. Baba mdogo alishauandaa, umechapwa vizuri. Nilisoma ulizaliwa wapi, ukasoma wapi, ukabatizwa lini. Nikafika kwenye mstari unaosema marehemu alikuwa kocha msaidizi katika timu mbalimbali za Uingereza. Nikasimama. Watu wakadhani ni machozi, wakaanza kunitia moyo, "Jikaze, mwanetu." Nikainua macho nikamwona Bibi kwenye kiti cha plastiki, anaitikia kwa kichwa taratibu, anasubiri hilo neno. Nikalisoma. Nimelisoma kwa sauti yangu, mbele ya mchungaji, mbele ya shimo lako. Kwa hilo nakulaumu kuliko kwa mengine yote, maana yale ya mwanzo niliyafanya sijui, lile nililifanya najua.

Na hukuwa na sababu ya kujificha, ndicho kinachonitia uchungu. Kabla hatujakusafirisha tulifanya ibada hapa London, na Mzee Arthur alikuja. Aliletwa na mpwa wake, kwenye kiti cha magurudumu, tai imekaa upande. Aliomba kusema neno. Akasema umemwogesha miaka sita, kwamba kila siku ulikuwa unapasha taulo kwanza kwenye hita, na kuanzia miguuni ili asishtuke, na kwamba hata siku moja hukumfanya aone aibu. Nilijivunia sana, Baba. Yeye aliyevuliwa nguo hakuona aibu, ukaiona wewe uliyeshika taulo. Hakuna aliyeandika maneno yale kwenye wasifu wowote.

Edgar anasema niache. "It's one word, Lu. Let him have it." Anasema jiwe ni la marehemu, si letu. Mama anapika tu. Nami nikaona siwezi kuamua maneno ya kaburi la mtoto wa mtu bila mwenye mtoto kujua. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nikampigia Bibi.

Simu alishikiwa na Tulizo, yule mtoto wa jirani anayekaa naye. Nilimwambia Bibi kila kitu. Koti, benchi, picha, kwamba mpiga picha nilikuwa mimi. Nilimwambia kazi yako ilikuwa kuwaogesha wazee, kuwalisha, kuwavalisha soksi, na kwamba waliokupenda ni hao. Niliongea haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Nilitegemea atalia, au atanitukana, au atasema alijua siku zote kama wazee wanavyosema.

Nikawa nasikia kuku wake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anaogesha wazee?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Halafu akasema, si kwa hasira, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, "Na mimi huku naogeshwa na mtoto wa watu."

Akamrudishia Tulizo simu.

Nimelibeba neno hilo wiki nzima, Baba. Nimepanda nalo basi, nimekaa nalo kazini. Mikono yako ilijua kazi ile kuliko mikono ya watu wengi, na mtu mmoja aliyeihitaji kuliko wote ulikuwa unamtumia picha. Nimejaribu kukutetea moyoni. Nimesema karatasi, nimesema Croydon. Lakini karatasi zilitoka, na mimi nilishapanga nguo.

Kwa hiyo nimeamua. Nikimaliza barua hii namjibu Baba mdogo. Wafute chaki. Lichongwe jina lako ulilopewa na Bibi, na tarehe zako, basi. Najua atakasirika, na vijana wa fulana watauliza. Na waulize, nitakuwepo kuwajibu. Sitaandika pia kwamba ulikuwa muuguza wazee, maana hukutaka, na sina haki ya kukuvika koti jingine.

Mwezi wa sita nakwenda Makambako. Nimeshaomba likizo, na safari hii hakuna mwakani. Mama anasema mwezi huo baridi ya kule inaingia kwenye mifupa, nimwekee Bibi mkaa wa kutosha chumbani, nimfungulie na dirisha kidogo. Nitampumzisha Tulizo siku zote nitakazokuwa kule. Sijawahi kuogesha mtu mzima, lakini nimesikia namna yako kwa mtu uliyemwogesha. Nitapasha taulo kwanza. Nitaanza na miguu.

Hasira yangu haijaisha, usidhani nakuaga kwa amani. Nakuaga kwa sababu maji ya chai yanachemka na Mama yuko karibu kurudi, na hii barua sitaki aione. Lala, Baba. Kaburini nitakuja siku ya mwisho, nikishamaliza kwa Bibi.

Na simu yangu nitaiacha kwenye begi. Sitapiga picha hata moja.

Mwanao,
Lusungu