Hukutuona Dirishani Pale Same

Masama,
6 Septemba 1953

Dada yangu mpendwa Esther,

Shikamoo dada. Kabla ya lolote nakujulia hali, wewe na shemeji Eliamini na watoto, hasa yule mdogo aliyekuwa na kikohozi. Sisi huku miili ni mizima. Kahawa ya juu imeiva vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Wifi yako anakusalimu sana, anasema kikapu chako cha siku ile ya kwenda bado anacho na hana nia ya kukirudisha.

Barua yako nimeipata. Unalalamika kwamba siku tuliyorudi kutoka Tanga ulisimama stesheni ya Same na mayai yako ya kuchemsha, treni ikaingia, treni ikatoka, na hakuna uso wa nyumbani uliochungulia dirishani. Una haki ya kukasirika. Tulikuwemo, dada, na tulikuona. Baba ndiye aliyeniomba nifunge dirisha, kisha akajifunika blanketi hadi kichwani. Nimeona haya kukujibu mpaka leo, na leo naandika kwa sababu mambo yamefika pabaya.

Unakumbuka wakati wa kwenda alivyoshuka hapo Same na koti lake, akawaeleza hadi wauza ndizi wa stesheni kwamba anawapeleka vijana kuona bahari. Kwaya yetu ilikuwa imepewa ruhusa ya kupiga kambi kwenye ufuko wa serikali nje ya mji wa Tanga, na mwalimu wa kwaya, Melkior, alisema hatuwezi kwenda bila Baba, Mzee Bahari wao. Nani hapa Masama asiyemjua Mzee Bahari? Tangu utoto tumelazwa kwa hadithi zake: vita vya Wajerumani, mizigo kichwani, na jinsi alivyooga baharini Tanga mpaka askari wakamtoa kwa nguvu. Wewe uliolewa mapema, lakini mimi kitinda mimba niliyebaki naye kihambani, kwenye shamba la nyumbani, najua jinsi alivyoitumia bahari hiyo kunifunga mdomo. Nikisema tupunguze migomba tuongeze kahawa, jibu ni kwamba sijaona hata bahari. Nikitoa neno kwenye kikao cha mfongo, tunapogawana zamu za maji ya mfereji wetu, ni lile lile, na wazee wanacheka. Mimi mtu mzima, nina mke na watoto. Ilikuwa inaniuma kuliko nilivyoonyesha.

Mahali penyewe ni pazuri, siwezi kukataa. Ni ghuba ndogo, na mbele yake kuna kisiwa cha mikoko kinachozuia mawimbi, hivyo maji yametulia tuli. Serikali imefyeka uwanja kule juu chini ya mivinje, na mafiga yamewekwa tayari. Tulifika asubuhi, maji yakiwa mbali kabisa, na mbele yetu mchanga mweupe, mgumu, umesawazika kuliko uwanja wa shule. Baba alivua kofia. Aliitazama bahari midomo ikiwa wazi, na wenzetu walidhani anasali. Mimi nilimtazama usoni nikashtuka. Binti yangu Beatrice hutazama hivyo hivyo kitu ambacho hajapata kukiona.

Melkior alimwuliza mzee tusimamishe mahema wapi. Baba akaukanyagakanyaga mchanga, akachagua pale pale chini, akasema kwenye mivinje kuna mizizi na siafu, na kwamba maji yana tabia moja dunia nzima: yanashuka, hayapandi. Nani angembishia Mzee Bahari? Tukasimamisha mahema ya kuazima, tukapanga sufuria, ndizi, blanketi na majoho ya kwaya.

Alasiri, ndizi zikiwa jikoni, maji yalianza kuja. Hayakuja kwa kelele. Yalikuja kidogo kidogo, yakazima moto, yakaingia mahemani, na watu wakawa wanakimbilia juu na majoho yanayochuruzika. Baba peke yake alikwenda mbele. Alisimama maji yakiwa magotini, ameshika nguzo ya hema, akipaza sauti kwa Kichagga akiuliza ni nani aliyefungulia maji, ni nani huyo asiye na adabu aliyefungulia maji wakati si zamu yake.

Dada, watu walicheka. Na aliyecheka kuliko wote ni mimi mwanawe. Nikatamka mbele ya kwaya nzima kwamba Mzee Bahari hajapata kuiona bahari mpaka leo. Kicheko kikakatika. Baba akaiachia nguzo, na hema likaenda na maji.

Katika kurudi, tulipofika Korogwe, alinyoosha kidole nje akaniambia kwamba ni hapo. Wakati wa vita alibaki hapo na wagonjwa wenzake wa kuhara, wapagazi wenzake wakaendelea hadi pwani, na wachache waliorudi ndio waliomhadithia. Nyumbani watu walipomwuliza bahari ikoje, aliona aibu kutaja kuhara, akawapa bahari ya wenzake. Alisema uongo ule hakupata tena mahali pa kuutua, na hata Mama, Mungu amrehemu, alizikwa akiuamini. Tukafika Same. Alipokuona na kikapu alisema neno moja tu, Esther asinione.

Tangu turudi haendi mfongoni. Beatrice alimwomba hadithi ya bahari, naye akamjibu aniulize mimi, kwani mimi ndiye ninayeijua. Na juma lililopita alikwenda kwa mchungaji kujivua uzee wa kanisa. Jumapili ya tarehe ishirini atasimama mbele ya usharika aungame kwamba amedanganya watu miaka yote hii, na kwamba mali ya kwaya imepotea kwa ujinga wake.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mwanzo. Mali ya kwaya hakuipoteza yeye. Asubuhi ile, wenzetu wakitafuta kuni, mwangalizi wa ufuko, bwana mmoja aitwaye Fikirini, alinifuata akanieleza kwa upole kwamba ni siku za bamvua, maji yatajaa hadi kwenye mivinje, tuhamishe mahema kabla ya alasiri. Nilimshukuru. Nilimwambia nitamwarifu mzee. Kisha nikakaa kimya. Nilikaa nikimenya ndizi, nikiyatazama maji yanavyokuja, nikingoja baba yangu aumbuke. Sikusahau, dada, wala sikupitiwa. Nilitaka.

Nimekwenda mlangoni kwake mara nyingi, na kila mara nimerudi bila kusema. Ndani ya bahasha utaona jani la isale, nimelikata mpakani mwa kihamba na kulifunga fundo. Unajua kwetu mkosaji anayeomba msamaha kwa isale halipeleki mwenyewe, na Baba, pamoja na ukanisa wake wote, hajakataa isale la mtu. Uje nalo kabla ya Jumapili hiyo. Mpe mkononi, umweleze yote niliyoandika, usinipunguzie hata kidogo. Mimi nitakuwa nje kwenye migomba nikingoja kuitwa. Kanisani nitasimama kabla yake, uje usije. Ila sitaki alisikie jambo hili kwanza mbele ya watu. Kuaibishwa hadharani na mwanawe, mara moja inamtosha.

Msalimu shemeji na uwabusu watoto. Wifi yako, Beatrice na wadogo zake wote wanakusalimu. Salamu za Baba sina. Hajui kwamba nakuandikia, na tangu turudi hajanituma kwa mtu yeyote.

Ni mimi mdogo wako,
Ebenezeri Elimringi